Barafu Tunayo Malindi, Kilichokwama ni Saini

Kwa waheshimiwa mnaosimamia michezo, vijana na elimu katika Kaunti ya Kilifi. Kwa viongozi wa hoki ya barafu nchini. Na kwenu wenye mahoteli ya Malindi na Watamu, ambao majina yenu hayakosi kwenye mabango ya mashindano.

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mama karanga. Kwa asiyeijua lugha ya huku, mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki mashua zikitia nanga, akawakaanga, akawauza. Kazi hii naifanya mwaka wa 19 sasa, na kila uchao, kabla sijanunua samaki, hununua barafu. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba barafu si mambo ya watu wa Pwani, mimi humtazama tu. Vidole vyangu vilikufa ganzi kwa barafu kabla binti yangu hajazaliwa.

Binti yangu huyo ana miaka 14 na anacheza hoki ya barafu. Au niseme ukweli: anacheza hoki, barafu bado anaisubiri.

Ilianza hivi. Jirani yangu hukodisha nyumba kwa wageni wa Kitaliano. Mmoja wao alipofunga virago aliacha jozi mbili za viatu vya magurudumu, vile ambavyo magurudumu yake yamepangwa mstari mmoja. Vilikaa uvunguni hadi vilipoonwa na kijana wa mtaani kwetu, aliyekuwa Nairobi kikazi na kurudi nyumbani kazi ilipokatika. Huko Nairobi alijifunza kuteleza kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, ule wa barabara ya Mombasa uliofunguliwa 2005, ambako timu ya hoki ya barafu ya Kenya, Ice Lions, imekuwa ikifanya mazoezi. Sasa watoto wanamwita Kocha. Jozi mbili zikawa tano, tano zikawa kumi na moja, nyingi za mitumba kutoka Kongowea, na si ajabu kumkuta mtoto mguu wa kulia amevaa nambari 38 na wa kushoto 40 iliyojazwa matambara. Magongo ni fito za mvinje zilizopigiliwa kibao cha plaiwudi nchani. Kile kisahani cha mpira kinachopigwa, wenyewe wanakiita paki, hukatwa kwenye tairi kuukuu la lori. Paki halisi ina upana wa sentimita 7.62 na unene wa sentimita 2.54, na uzito wake ni kati ya gramu 156 na 170. Nayajua haya kwa sababu ya kwao ilikuja kupimwa kwenye mizani yangu ya samaki. Ilizidi. Wakaenda wakaichonga tena.

Nataka niwaeleze asubuhi moja, kwa sababu bila hiyo mtadhani mtoto ameiga runinga. Ilikuwa mwishoni mwa kaskazi, joto la kumfanya paka alale kwenye maji. Mkokoteni wa barafu umefika, mabonge yamefunikwa magunia, na mimi nabishana bei na mwenye mkokoteni kama kawaida yangu. Binti yangu akafunua gunia, akapangusa unga wa mbao kwa kiganja hadi barafu ikang'aa, kisha akatoa paki kwenye mkoba wa shule na kuiweka juu. Akaisukuma kwa kidole kimoja. Kwenye saruji ile paki hudunda, husimama wima, hujiviringisha ikaingia mtaroni, na nusu ya mazoezi ni kuitafuta. Juu ya bonge ilikwenda bila sauti hadi upande wa pili ikaanguka. Akairudisha. Akaisukuma tena. Wavuvi wameacha kupakua wanamtazama, mwenye mkokoteni analalamika barafu yake inayeyuka, na yeye ameinama, uso wake sentimita chache kutoka kwenye barafu, mvuke unampiga puani. Akaniuliza, "Mama, kumbe ndivyo inavyokwenda?"

Nikanunua bonge lile bila kubishana tena. Mwenye mkokoteni mpaka leo hajui kwa nini.

Kuna jambo Kocha alinieleza nikacheka. Barafu yetu ya samaki hutengenezwa kwa kutumbukiza makopo ya maji matamu ndani ya tangi la maji ya chumvi yaliyopozwa. Chumvi inayazuia yale ya nje yasigande, basi yanakuwa baridi kuliko barafu yenyewe na kuyagandisha yaliyo ndani ya kopo. Na viwanja vingi vya hoki duniani hufanya vivyo hivyo: mabomba yamelazwa ndani ya sakafu, maji ya chumvi baridi yanapita humo, na juu yake yanamwagwa maji mepesi mepesi hadi pawe na tabaka la sentimita tatu au nne. Kumbe mvuvi wa Malindi na mchezaji wa Kanada wanategemea ujuzi mmoja. Sisi, tulio jirani na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, tunaambiwa hatuhusiki.

Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu.

Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu lina wikendi yake ya wasichana duniani kote, kila mwezi wa Oktoba. Ilianza 2011. Haina kombe wala medali. Kazi yake ni kumwingiza barafuni msichana ambaye hajawahi kuikanyaga, kwa viatu vya kuazima, ajaribu. Oktoba iliyopita, marafiki wa Kocha walioko Nairobi walituombea nafasi za wasichana sita. Sita ndiyo idadi ya wachezaji wa timu moja wanaokuwa uwanjani kwa wakati mmoja: mlinda lango, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Watoto walikwishagawana nafasi kabla hata sijajua nauli ni kiasi gani.

Nauli tulichanga. Matatu hadi Mombasa, treni ya SGR kutoka Miritini hadi Syokimau, na kutoka Syokimau hadi uwanjani ni barabara hiyohiyo moja. Mama mmoja aliuza mbuzi. Kilichobaki kilikuwa karatasi. Muhula wa tatu ulikuwa unaendelea, na shule haiwezi kuwaachilia watoto sita siku ya Ijumaa bila barua ya ruhusa kutoka juu. Hilo silipingi, hata mimi nisingetaka mwanangu atolewe shuleni kienyeji. Tukapeleka ombi katika afisi moja ambayo sitaitaja, wenyewe watajijua. Zilikuwa zimebaki siku 24.

Mara ya kwanza nilipofuatilia, mwenye kutia saini alikuwa kwenye semina. Mara ya pili, barua "iko kwa meza". Mara ya tatu nilimkuta bwana mmoja mpole kabisa, akaisoma mbele yangu, akafika kwenye neno hoki, akasimama. "Hoki ya barafu? Hapa Malindi?" Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. Wakacheka, si kwa ubaya. Kisha akaniambia kwa heshima zote, "Mama, hayo ni mambo ya wazungu. Watoto wa Pwani si mngewaacha na mpira wa ufuoni?" Nikamwambia sawa baba, lakini saini. Akasema nisubiri kidogo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yetu yaliuma siku 24 na nne za ziada, kwa sababu jibu lilikuja Jumanne baada ya wikendi kupita. Lilikuwa na muhuri safi wa buluu. Lilisema: ombi limekubaliwa.

Binti yangu aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama tarehe inaweza kubadilishwa dunia nzima.

Sikulijibu swali lile, na ndilo limenifanya niwaandikie nyinyi. Sitaki mtu afukuzwe kazi. Lakini nataka tuyaseme hadharani yale yanayosemwa nyuma ya meza, moja baada ya jingine, kwa sababu nimeyasikia yote.

La kwanza ni hilo la "mambo ya wazungu". Waheshimiwa, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi ni Sabrina Simader, aliyeteremka milima ya theluji kule PyeongChang, Korea Kusini, mwaka 2018. Amekulia Austria. Lakini amezaliwa wapi? Kilifi. Kaunti hii hii ambayo mhuri wake unakaa siku 28. Kabla yake, Nagano 1998, Philip Boit, mkimbiaji wa Bonde la Ufa, aliiwakilisha Kenya katika kilomita 10 za kuteleza juu ya theluji na akamaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyeshinda, alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie, na Boit baadaye akampa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Michezo hiyo hiyo ya Nagano ndiyo ya kwanza wanawake kucheza hoki ya barafu kwenye Olimpiki, na Marekani iliifunga Kanada 3-1 kuchukua dhahabu. Kwa hivyo hata huko kwa wenyewe, wanawake na Wakenya waliingia mlango mmoja, mwaka mmoja. Hatukuchelewa sana kama mnavyodhani.

Na mkitaka historia ya nyumbani: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China, akapelekwa hadi kwa mfalme wao. Twiga mzima, kwa jahazi. Yule mnyama alipata ruhusa ya safari kwa urahisi kuliko mwanangu.

La pili linasemwa na wazazi wenzangu, nalo nalichukua kwa uzito zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu ninaoswali nao. Wanauliza: binti wa Kiislamu, mchezo huo, mavazi je? Nawaambia njooni muone. Mchezaji wa hoki ya barafu amefunikwa kutoka utosini hadi unyayoni: kofia ngumu, glavu, fulana pana ya mikono mirefu, kaptura nene juu ya soksi za kufika mapajani, kinga za magoti na mabega. Wanawake wanalazimika hata kuvaa kizuizi cha uso mzima. Sijui mchezo mwingine unaomsitiri mtoto hivyo, labda ule wa panga. Na vikumbo vya makusudi wanavyopigana wanaume, kwa wanawake kwa kawaida ni kosa. Anayetilia shaka amwangalie Fatima Al Ali wa Abu Dhabi, anayecheza na hijabu yake chini ya kofia. Februari 2017 timu ya Washington Capitals ilimwalika Marekani, akafanya mazoezi nao, kisha akapewa heshima ya kudondosha paki ya ufunguzi mbele ya umati. Dada zetu wangapi wako Ghuba sasa hivi? Wawatumie picha.

La tatu ni masomo, na hapo sina ubishi. Aliyeshuka alama asisafiri. Wekeni sharti hilo kwenye barua yenyewe.

Kuna mchezo mmoja ambao mimi, nisiyejua sheria nusu ya hizi, umenikaa moyoni. Unaitwa Mchezo wa Wasichana wa Dunia. Kuna timu mbili tu, Buluu na Nyeupe, kwa ulimwengu mzima. Unaanzia New Zealand, kule jua linakochomoza mapema, na magoli hayafutwi mchezo ukiisha: yanahamia nchi inayofuata. Wasichana wa nchi ya pili wanaanza pale walipoachia wale wa kwanza, wanaongeza yao, yanasonga mbele pamoja na jua, bara hadi bara. Msichana anaweza kufunga goli moja saa kumi jioni kwao na lisahauliwe na wote waliokuwepo, lakini limo ndani ya hesabu ya mwisho. Nilipoelezwa nilifikiria mashua zinazopokezana samaki baharini ili wafike ufuoni wakiwa wabichi. Kenya ilipokewa na lile Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu mwaka 2024 kama mwanachama mshiriki, katika jamaa ya nchi zaidi ya 80. Mlango uko wazi, basi. Nataka siku goli la Kenya likiingia kwenye hesabu ile, katika waliolifunga awepo mtoto wa mitaa yetu hii ya Malindi, wa Maweni, au wa Muyeye, au wa Barani.

Na hapa ndipo ninapowageukia viongozi wa hoki nchini. Nawapongeza kwa dhati, mmejenga mchezo kwenye barafu ndogo isiyofikia hata nusu ya uwanja kamili, ambao urefu wake ni mita 60. Lakini msihesabu tu wanaoishi mwendo wa matatu moja kutoka barabara ya Mombasa. Hesabuni pia walio kwenye magurudumu. Kusawazisha mwili, kupiga pasi, kusimama langoni, yote haya yanafundishika kwenye saruji. Kinachobaki ni kisu cha chini ya kiatu, na hicho mtoto wa miaka 14 hukizoea upesi. Tuleteeni mtu mara mbili kwa mwaka, hata siku mbili, atazame nani anafaa. Tuazimeni kofia nne za kinga. Nne tu, watapokezana. Na mkitengeneza orodha ya wasichana, msisubiri waje wenyewe na barua, mkijua barua zetu zinavyosafiri. Mashindano ya dunia ya wasichana wa chini ya miaka 18 yapo tangu 2008. Sisemi wetu waende kesho, nasema anayetaka kuyafikia hawezi kuanza akiwa na miaka 17.

Wenye mahoteli, kwenu sina hotuba ndefu. Mwaka huu Milano na Cortina waliandaa Olimpiki ya baridi, na nyie wengine mliweka runinga kubwa barazani wageni wenu wawashangilie wasichana wa Italia wakicheza hoki. Wanangu walitazama wamesimama nje ya ua. Askari wa lango aliwaacha, Mungu ambariki. Nyuma ya mahoteli yenu, msimu wa wageni ukiisha, kuna maegesho ya saruji laini yamelala bure kuanzia Aprili hadi Juni. Tunaomba moja, siku mbili kwa wiki, baada ya Alasiri hadi kabla ya Magharibi, lenye ua ili mabinti wacheze bila kupigiwa mbinja na bodaboda. Tutafagia wenyewe, kabla na baada. Chembe moja ya mchanga ikiingia chini ya gurudumu inamwangusha mtoto kama gunia, kwa hivyo kwenye kufagia hatuna mzaha.

Sasa jambo la vyeti, ambalo ndilo gumu, na wa Pwani mwenzangu akisoma atatikisa kichwa. Hata barua ikitoka mapema, hata barafu ikipatikana, mtoto havuki mpaka bila pasipoti, pasipoti haitoki bila cheti cha kuzaliwa, na cheti kwa aliyezalishwa na mkunga nyumbani ni safari nyingine: chifu, kadi ya kliniki ambayo panya ameila, kitambulisho cha baba ambaye yuko baharini au hayuko kabisa. Katika wasichana wetu tisa, wawili hawana cheti. Mmoja wao ndiye mlinda lango bora niliyemwona, mtoto anayejitupa kwenye saruji bila kinga akaamka anacheka. Bibi yake amekwenda kuuliza mara tano. Mara ya tano aliambiwa alete shahidi aliyekuwepo mtoto akizaliwa. Akajibu kwamba shahidi ni yeye mwenyewe, ndiye aliyemkata kitovu. Aliambiwa huyo hafai, ni jamaa.

Kwa hivyo waheshimiwa wa kaunti, mkinipa nafasi ya kuchagua kati ya pesa na mtu, nachagua mtu. Mtu mmoja, mwenye jina na nambari ya simu, ambaye ombi la mtoto kusafiri kimichezo likifika kwake lina siku saba kupata jibu, ndiyo au hapana. Hapana ya mapema tunaiweza. Tutakwenda kuuza samaki. Na mtu huyo huyo awe na njia ya kuwashika mkono watoto kama huyu mlinda lango hadi kwenye dirisha la vyeti, kwa sababu wa hoki si peke yao: ndivyo ilivyo kwa wa kandanda, wa kuogelea, wa kuimba kaswida nje ya nchi. Pia, kabla hamjaamua mambo ya wasichana, waiteni wenyewe wawili watatu waketi mezani. Watawaambia mambo ambayo mimi siyajui. Binti yangu kwa mfano ana maoni makali kuhusu saa za mazoezi, na hayafanani na yangu.

Ombi letu la Oktoba hii tumelipeleka Jumatatu, mapema kuliko mara ile. Lina majina tisa, barua ya mwalimu mkuu, ruhusa ya wazazi kwa kila mtoto, na nakala saba za vyeti. Nilipoliwasilisha nilipewa kipande cha karatasi chenye nambari ya kupokelewa. Nimekihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye kasha la barafu, pamoja na pesa za samaki.

Wasichana wako kwenye saruji yao Jumanne na Jumamosi, baada ya Alasiri. Mkija, msiegeshe gari upande wa mtaro. Hapo ndipo paki huangukia.

Wenu,
Mama karanga wa Malindi